Nani Aingie Kwanza Udzungwa: Mgeni Mwenye Dola au Mtoto wa Mang'ula?

Hifadhi za milima yenye misitu zina bahati mbaya ya kupimwa kwa mizani ya mbuga. Udzungwa, hifadhi ya taifa nchini Tanzania, haina simba wa kutazamwa kutoka kwenye gari, wala haina barabara ndani yake ya kulipitisha gari hilo. Ni kilomita za mraba 1,990 za miteremko, mito na miti mikubwa, na anayetaka kuiona anatembea: saa chache hadi maporomoko ya Sanje yanayoshuka mita 170, siku mbili hadi tatu kwenda na kurudi kilele cha Mwanihana, au siku kadhaa kwenye njia ndefu ya Lumemo. Kila panapojadiliwa mustakabali wa hifadhi ya namna hii, watu hugawanyika. Wapo wanaosema nguvu zote ziende kwa mgeni anayelipa, na elimu kwa shule jirani ifuate fedha zikibaki. Wapo wanaosema elimu hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Nianze na hao wa kwanza, kwa sababu hoja yao si ya tamaa kama inavyosemwa mara nyingi. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, inasimamia hifadhi 21, na zinazojilipia ni chache. Serengeti na Kilimanjaro zimekuwa zikibeba nyingi za wenzao, kama ukoo ambao ndugu wawili wenye ajira ndio wanaolipa ada za wote. Korona ilipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, ikaonekana wazi kwamba mbebaji akianguka, hata anayebebwa anaumia. Mshahara wa askari wa uhifadhi, mafuta ya gari la doria na mbao za kukarabati daraja la miguu havilipwi kwa nia njema. Anayesema Udzungwa itafute mgeni zaidi, iboreshe kambi na ijenge kitu kipya cha kuvutia, anajaribu kuitoa kwenye orodha ya wanaobebwa.

Na mifano anayo. Nyungwe, msitu wa milimani wa Rwanda, ulijengewa daraja la kuning'inia juu ya vilele vya miti mwaka 2010, na hilo peke yake likawa sababu ya mgeni kupanga safari. Kwenye volkano za kaskazini mwa nchi hiyohiyo, kibali cha kuwaona sokwe wa milimani ni dola 1,500 tangu mwaka 2017, na kila familia ya sokwe hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa saa moja kwa siku. Watu wachache, fedha nyingi, nyayo chache kwenye udongo. Linganisha na basi la shule linaloshusha watoto 60 kwenye njia iliyochongwa kwa ajili ya watu wanane. Kelele zinafukuza ndege, mizizi inakanyagwa, na mtoto mwenye mafua akisimama karibu na nyani waliozoeshwa watu anaweza kuwaachia ugonjwa. Udzungwa ina nyani, n'golaga, ambaye dunia nzima imemkuta katika misitu miwili tu: Mwanihana, ulio ndani ya hifadhi, na Uzungwa Scarp, ulio nje yake. Tahadhari juu yake ina msingi.

Haya yote nayakubali. Lakini kuna tarehe moja ambayo wapanga mapato huipita haraka sana, nami sioni namna ya kuielewa Udzungwa bila kusimama hapo.

Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1992, wanavijiji wa upande wa mashariki, kwenye ukanda wa Mang'ula na Sanje, walibakiziwa ruhusa ya kuingia siku maalumu za wiki kuokota kuni zilizokauka. Waliokuwa wakiingia ni wanawake kwa sehemu kubwa. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilifutwa. Sibishani na uamuzi huo. Mahitaji ya kuni yalikuwa yameshapita uwezo wa ukingo wa msitu, na tofauti kati ya Mwanihana iliyolindwa na Uzungwa Scarp iliyoachwa kwa wawindaji miaka mingi inaonekana kwa macho ya mtafiti yeyote: kule Scarp mbega wekundu walipungua hadi karibu kwisha, Mwanihana wameendelea kuwapo. Ulinzi ulifanya kazi.

Ila tazama kilichofungwa pamoja na kuni. Mwanamke aliyeingia msituni kila wiki kwa miaka kumi alitoka na zaidi ya mzigo wa kichwani. Alijua mti upi unawaka bila moshi na upi unapasuka motoni, kijito kipi hakikauki kiangazi, mlio upi ni wa mbega na upi ni wa kima. Alikwenda na binti yake, na binti akajua. Hakuna aliyeita hiyo programu ya elimu, lakini ilikuwa kubwa kuliko yoyote iliyowahi kuandikiwa bajeti, na haikugharimu serikali hata senti moja. Mwaka 2011 ikakoma.

Mtoto aliyezaliwa Mang'ula mwaka huo sasa yuko sekondari. Yeye na wenzake ndio kizazi cha kwanza katika vijiji hivyo kukua chini ya mlima ule bila mama zao kuwa na siku ya kuwaingiza. Wanauona msitu kila asubuhi, umesimama kama ukuta nyuma ya bati la darasa. Njia halali za kuingia zimebaki mbili: ulipie geti na muongoza wageni kama mtalii, au uletwe na shule. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno ukikilinganisha na cha mgeni, kweli, lakini kwa nyumba inayopanga kati ya daftari na mafuta ya kula, matembezi ya mlimani hayamo kwenye hesabu. Inabaki shule.

Ndiyo maana naona wanaoziita ziara za wanafunzi huduma ya ziada wameusoma vibaya mpangilio wenyewe. Ziara hizo zimeshika nafasi ya kitu tulichokiondoa kwa mikono yetu. Zikikatwa, msitu unakuwa na majirani wasioujua kabisa. Na miaka 20 ijayo, watoto hao ndio watakaokuwa wenyeviti wa vijiji, madiwani, wenye mashamba ya miwa na mpunga yanayokunywa maji ya vijito vya mlima huo. Siku mtu atakapopita usiku na mnyama mabegani, wao ndio watakaoamua kama wapige simu au wafunge dirisha. Uamuzi wa namna hiyo hauletwi na kibao cha onyo getini.

Kuna na deni la upande wa sayansi ambalo nadra kusemwa. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa Mwanihana waliposikia mlio wasioutambua. Mwenyeji aliyewaongoza akawaambia ni n'golaga. Vitabu vyao havikuwa na mnyama huyo. Muda mfupi baadaye wakamkuta mtoto wa n'golaga akifugwa kijijini Sanje. Leo dunia inamjua nyani huyo kwa jina la kijiji hicho. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark wakashtuka kuona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya chungu cha mboga kambini. Ndipo elimu ya ndege ikampata kwale wa Udzungwa, ambaye mpishi alikuwa ameshamjua vya kutosha kumwunga. Na kipunji, nyani aliyetangazwa mwaka 2005 baada ya kuonekana Rungwe na kwenye msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, alifuatwa kwanza kupitia simulizi za wawindaji wa Rungwe, na jina lake ni lao.

Mara tatu, basi, msitu umetoa habari kubwa, na mara zote tatu mwenyeji alikuwa ametangulia. Tunaposema hifadhi inawaelimisha wananchi, tunageuza mkondo ulivyokuwa. Kinachonitia hofu ni kwamba maarifa yale yalitoka kwa watu waliokuwa wakiingia. Mtoto wa leo asiyeingia hatakuwa na la kumwambia mtafiti wa kesho.

Sasa niseme na upande ninaoutetea, maana unajiharibia. Ziara nyingi za shule ni dhaifu. Watoto wanashushwa getini, wanahutubiwa dakika 40 kuhusu umuhimu wa mazingira, wanapelekwa kwenye maporomoko, picha ya pamoja, soda, nyumbani. Ukimuuliza mwanafunzi amejifunza nini atakujibu "tutunze mazingira", sentensi aliyoijua kabla ya kupanda basi. Anayehoji fedha za safari kama hiyo ana haki ya kuhoji.

Lakini milima hii haina upungufu wa masomo magumu. Chukua Kihansi, kwenye milima hiyohiyo nje ya mipaka ya hifadhi. Mwaka 1996 aligunduliwa pale chura mdogo wa rangi ya dhahabu asiyetaga mayai bali anayezaa watoto kamili, akiishi kwenye eneo dogo linaloloweshwa na rasharasha za maporomoko. Mwaka 2000 maji yakageuziwa kwenye mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 180, rasharasha zikapungua sana, na katika miaka michache chura hakuonekana tena porini. Alibaki kwenye bustani za wanyama za Marekani, ambako walikuwa wamepelekwa kama 500, hadi aliporudishwa Kihansi kuanzia mwaka 2012 chini ya mabomba yanayonyunyiza maji. Weka kisa hicho mbele ya kidato cha pili na uwaulize: je, umeme usingezalishwa? Kila jibu watakalotoa lina gharama, na darasa lenye swali kama hilo halihitaji hotuba getini.

Vifaa vya elimu ya namna hii vipo tayari mlangoni. Mang'ula kuna kituo cha ufuatiliaji wa ikolojia kilichoanzishwa mwaka 2006 kwa ushirikiano wa TANAPA na makumbusho ya sayansi ya Trento, Italia. Kamera za mitego zilizotegwa kwenye milima hii zilimnasa sengi mkubwa, mnyama mwenye pua ndefu, ambaye mwaka 2008 alitambuliwa rasmi kuwa spishi mpya. Picha za kamera zikifika shuleni, watoto wanaweza kuhesabu wenyewe nani alipita mbele ya lenzi na saa ngapi. Nyanya aliyekuwa akiokota kuni naye anaweza kukaa kando ya mhifadhi akataja miti kwa majina ya pale. Wala wazo la klabu za shule si jipya: Malihai zilianza mwaka 1980, na Roots & Shoots ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991.

Wapanga mapato watauliza kuhusu kalenda, na hapa wamenishika kweli. Miezi mikavu, Juni hadi Oktoba, ndiyo bora kwa mgeni na ndiyo bora kwa mtoto. Masika njia za miteremko zinateleza, na hakuna mwalimu mwenye akili atakayepeleka watoto Sanje mvua ikinyesha. Hivyo zipo siku ambazo muongoza wageni atakuwa na watalii au na wanafunzi, si wote. Naona njia fupi za chini, kama ile ya maporomoko ya Prince Bernhard, zingetengwa siku za katikati ya wiki kwa makundi madogo ya shule za jirani zinazoweza kufika kwa miguu, na njia za juu zikabaki kwa anayelipa. Kundi la watoto 12 wanaorudi mara tatu kwa mwaka lina faida kuliko watoto 60 wa mara moja, na halimsumbui n'golaga.

Na fedha za nje zisitufanye tudhani tumemaliza. Mradi wa REGROW wa Benki ya Dunia, dola milioni 150 ulipoidhinishwa mwaka 2017, uliiweka Udzungwa pamoja na Ruaha, Mikumi na Nyerere kwenye mpango wa kukuza utalii wa kusini. Novemba 2024 ulifungwa kabla ya wakati, kufuatia malalamiko kuhusu jinsi wananchi wanaopakana na Ruaha walivyotendewa. Uhusiano na majirani ulipoharibika kwenye hifadhi moja, zote nne zilipoteza mradi. Anayetaka kuhesabu elimu ya majirani kwa shilingi aanzie hapo.

Mpango wa TANAPA wa ujirani mwema umejenga madarasa, na nashukuru kwa kila dawati. Bado dawati linalotazama mlima si sawa na kuupanda. Taarifa za hifadhi hutaja idadi ya wageni, wa ndani na wa nje, pamoja na makusanyo. Ningependa ziongeze safu moja: kati ya watoto waliomaliza darasa la saba mwaka huo katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, wangapi waliwahi kuingia msituni angalau mara moja.