Bei Isiyoandikwa: Nani Anapunjwa Katika Soko la Mazulia la Tabriz?

Wasafiri wanaorudi kutoka Iran huwashutumu wauza mazulia wa sokoni kwa jambo lile lile: bei haikuandikwa popote, bei ya kwanza kutajwa ni ya kumlangua mgeni, na mwenye busara angenunua mtandaoni au katika duka la bei maalumu, ambako kila mteja hutozwa sawa na mwenzake. Shutuma hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo hutolewa kwa wepesi mno, mara nyingi na watu ambao hawakuwahi kugeuza pembe ya zulia wakautazama mgongo wake, na kwa kumwandama muuzaji inamwacha pembeni mtu ambaye hasa ndiye anayepunjwa.

Mahali pazuri pa kulipima suala hili ni Tabriz, kaskazini-magharibi mwa Iran, mji ambao soko lake la kale liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2010. Sehemu ya mazulia ndani ya soko hilo huitwa Mozaffarieh, ukumbi mrefu wenye kuba za matofali na maduka pande zote mbili, na humo mazulia hukunjuliwa moja juu ya jingine mpaka rundo lifike magotini. Mgeni huletewa chai. Akiuliza bei, hujibiwa kwa maneno ya adabu kwanza, na tarakimu hufuata baadaye.

Wanaolalamika wana hoja za kweli. Kutoijua bidhaa ni hasara kubwa mahali ambapo muuzaji anaijua vilivyo, na wapo wauzaji wanaoitumia hasara hiyo. Pamba iliyong'arishwa huuzwa kama hariri. Zulia jipya huoshwa kwa dawa au kuachwa juani ili lionekane la zamani. Yapo mazulia yaliyofumwa kwa fundo liitwalo jufti, ambalo hushika nyuzi nne za mtande, yaani zile zinazotandwa kwanza kwa urefu wa zulia, badala ya mbili, kiasi kwamba kazi huenda haraka maradufu na zulia hutoka jepesi, huku juu likionekana zima. Mteja aliyepatwa na haya ana haki ya kukasirika.

Lakini swali la kwa nini bei haiandikwi lina jibu ambalo si la ulanguzi. Mazulia mawili ya mkono yenye ukubwa mmoja na ramani moja, yaani mchoro mmoja wa maua, hayawi bidhaa moja. Huko Tabriz uzito wa kazi hupimwa kwa kipimo kiitwacho raj, yaani idadi ya mafundo yanayoingia katika upana wa sentimita 7 hivi. Zulia la raj 30 na la raj 50 huweza kutandikwa pamoja na mgeni asione tofauti kwa mbali, ilhali la pili lina karibu mara tatu ya mafundo ya lile la kwanza katika eneo lile lile, kwa sababu mafundo huongezeka kwa urefu na kwa upana. Ongeza hapo aina ya sufu, mtande wa pamba au wa hariri, na rangi: nyekundu ya mizizi ya mmea wa runas, buluu ya nili, kahawia ya maganda ya jozi, au rangi za kiwandani. Bei inayozungumzwa hubeba mambo haya yote, pamoja na miaka ambayo zulia limelala dukani. Hilo la mwisho si dogo. Soko la Marekani lilifungwa kwa mazulia ya Iran mwaka 2010, likafunguliwa Januari 2016, kisha likafungwa tena Agosti 2018, na mwenye duka aliyenunua akiba katikati ya vipindi hivyo bado ameifungia fedha yake ndani ya marundo hayo.

Hebu tukae kidogo na hilo zulia la raj 50, maana hesabu yake haipigwi mara nyingi na ingebadilisha mazungumzo mengi. Mafundo 50 katika sentimita 7 ni zaidi ya 7 kwa kila sentimita, yaani takriban 51 kwa sentimita moja ya mraba, au 510,000 kwa mita ya mraba. Zulia la mita 2 kwa 3 lina mita za mraba 6, kwa hiyo mafundo yake yanapita milioni 3. Mfumaji mzoefu wa Tabriz, anayefunga uzi kwa kulabu badala ya vidole vitupu, akifunga mafundo 8,000 kwa siku amefanya kazi nzuri. Gawanya, na utapata siku zipatazo 380 za kuketi mbele ya mtande, bila Ijumaa moja ya kupumzika, bila siku za kuutanda mtande, kuchora ramani, kukata manyoya ya uso wa zulia na kufua. Wakiketi wawili, muda unapungua nusu. Jasho ni lile lile. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba zulia hilo limeuzwa dola 6,000, bei ambayo wageni wengi wangeiita ya kunyonya. Kila siku ya kazi imepata chini ya dola 16, na ndani yake zimo sufu, rangi, kodi ya duka, ujira wa dalali na faida ya mwenye duka. Kinachobaki kwa aliyefunga mafundo ni sehemu tu ya dola hizo, na mimi sioni namna ya kuitazama hesabu hii kisha nikaendelea kusema kwamba aliyeibiwa ni mnunuzi.

Hapa ndipo hoja ya bei maalumu inapoishiwa nguvu. Wafumaji wengi hawamiliki sufu wanayofuma. Mwenye mtaji huwaletea nyuzi na ramani, huwalipa kwa kazi, kisha hulipeleka zulia sokoni. Mteja akilipa dola 6,000 baada ya kupatana au kwa bei iliyobandikwa ukutani, malipo ya mfumaji yalikwisha kuamuliwa miezi mingi kabla. Ukitaka kumfikia yeye, lazima ubadilishe mpango wa uzalishaji, kama ulivyofanya mradi wa DOBAG ulioanzishwa mwaka 1981 magharibi mwa Uturuki, uliowakusanya wafumaji wa vijijini katika vyama vya ushirika na kurudisha rangi za mimea. Bara Hindi nako, mtetezi wa haki za watoto Kailash Satyarthi alipoanzisha alama ya RugMark mwaka 1994 ili kupambana na kazi za watoto, alikwenda kukagua mahali zulia linapofumwa.

Kibandiko pekee hakilindi mtu. Mazulia ya hariri yaliyofumwa China yameuzwa yakiwa na jina la Hereke, mji wa Uturuki wenye sifa kubwa, na jina hilo limefumwa humo humo kwenye pindo. Katika duka la mtandaoni mteja huona picha ya uso wa zulia, nayo haimwambii lolote kuhusu mafundo. Sokoni anaruhusiwa kuligeuza, na muuzaji hodari humgeuzia kabla hajaombwa. Mgongo wa zulia la mkono huonyesha ua lile lile lililo usoni, na mafundo yake hayakosi kupishana kidogo. Matamvua yawe ni mwendelezo wa nyuzi za mtande. Yakiwa yameshonewa, ulizia sababu. Tenga manyoya kwa vidole gumba viwili utazame shina: rangi ikiwa kali chini na hafifu juu tu kwenye ncha, pengine zulia limezeeshwa kwa makusudi. Sugua kwa leso nyeupe iliyoloweshwa uone kama rangi inachuja. Mistari ya rangi inayobadilika kidogo katikati ya uwanja huwatia wageni wasiwasi bure, kwani mara nyingi hutokana na sufu iliyotiwa rangi kwa awamu, na wapenzi wa mazulia huitafuta.

Msomaji wa pwani yetu hashangazwi na kupatana bei, kwa kuwa amekulia Darajani au Marikiti. Kinachomponza ni kwamba mazulia mengi ya sebuleni na misikitini kwetu ni ya mashine, kwa hiyo anapoyakuta ya Iran huko Dubai au Muscat hujua kushusha bei bila kujua anashusha bei ya kitu gani. Huanza na nusu ya bei iliyotajwa, kwa desturi tu, na mwenye duka akikataa humwona mkaidi.

Kwa upande wa walalamikaji, dai moja ningelipokea kwa mikono miwili: maandishi. Bei na iachwe wazi ipatanwe, lakini risiti itaje vipimo, raj, mtande ni wa nini, manyoya ni ya nini, rangi ni za mimea au za kiwandani, na zulia limefumwa mji gani. Na ikiwezekana, itaje aliyelifuma. Wenye duka waaminifu wa Tabriz wanayajua majibu hayo kwa kila zulia lililo kwenye rundo lao, na kuyaandika hakuwapunguzii chochote. Anayekataa kuyaandika asilipwe, maana katika ukumbi ule duka la jirani liko hatua tatu tu.