Ukichukua ngozi, chukua na nyama

Kila msimu wa baridi, katika milima ya magharibi mwa Marekani, kuna mizoga ya puma, paka mwitu mkubwa wa Amerika, inayoachwa chini ya misonobari ikiwa imechunwa kwa ustadi mpaka vidoleni, na mapaja hayajaguswa. Ngozi imekwenda kwa fundi, fuvu limekwenda kupimwa, na kunguru wameachiwa sarara mbili ndefu kama mkono wa mtu mzima. Katika majimbo kadhaa sheria hailioni hilo kuwa kosa. Mimi naliona. Na jibu la kila siku, kwamba paka haliwi, kwa kawaida hutoka kwa watu ambao hawajawahi kuonja.

Nyama ya puma ni nyeupe yenye wekundu hafifu, mfano wa nyama ya ndama. Haina mafuta hata ya kukaangia kitunguu, na haina shombo mradi mnyama amepozwa mapema. Charles Darwin aliila Argentina mwaka 1833 kabla ya kujua ni nini, akaifananisha na ya ndama. Jina la “simba wa milimani” nalo lisikutishe. Puma hana shungi, hangurumi, akiridhika hukoroma kama paka wa jikoni, na kwa ukoo yuko karibu na duma kuliko simba. Huko milimani hula zaidi kulungu, na mara nyingi ni kulungu aliyemwua mwenyewe. Dume mzima ana kilo 55 hadi 70, jike 35 hadi 45. Dume mkubwa akikatwa kwa uangalifu hutoa kama kilo 20 za mnofu. Nani anaacha kilo 20 za mnofu wa kulungu kwenye theluji bila kuona haya?

Kwa Mwislamu mjadala unaishia mapema, maana wanazuoni walio wengi wanakataza mnyama mwindaji mwenye meno ya chonge. Hilo naliheshimu, na naona lina matokeo yake: asiyeweza kuila nyama hiyo, wala hana wa kumpa, hana sababu ya kununua kibali cha puma. Kuuza nyama ya porini huko ni marufuku, lakini kumgawia jirani ni ruksa. Wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo wakahamia Boise au Salt Lake City wanaishi chini ya milima hiyohiyo yenye puma, kwa hiyo swali hili si la mbali kama linavyoonekana kwa aliye Dar es Salaam.

Colorado ndiyo imelipatia. Pale mwindaji analazimika kutoa nyama yote inayolika, na kabla ya kuwinda lazima afaulu mtihani wa kutofautisha dume na jike. Mwaka 2024 wapiga kura wa jimbo hilo waliletewa pendekezo la kupiga marufuku uwindaji wa puma, wakalikataa kwa karibu asilimia 55. Sidhani wawindaji wangesalimika kama sheria yao ingekuwa inaruhusu mzoga uachwe msituni. Wananchi wa California walifunga mlango tangu 1990. Utah, mwaka 2023, ikaenda upande wa pili: mwenye leseni ya kawaida ya uwindaji anaweza kuua puma mwaka mzima. Hapo Utah imekosea. Jike wa puma huzaa mwezi wowote, na watoto humtegemea kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Hakuna mwezi ambao unaweza kusema majike wote wako huru.

Ndiyo maana natetea mbwa wa kuwindia, jambo linalowaudhi wengi. Wapiga kura wa Oregon waliwakataza mwaka 1994, wa Washington 1996, wakiona ni ukatili kumkimbiza mnyama hadi mtini. Lakini puma aliye juu ya tawi mita 15 kutoka kwako anaweza kuangaliwa robo saa nzima kwa darubini, na ukiona hafai unafunga mbwa minyororo na kuondoka naye akiwa hai. Yule aliyekatiza njia ghafla mita 80 mbele ya mwindaji asiye na mbwa anaangaliwa sekunde mbili.

Kazi huanza na theluji. Ikianguka jioni na kukoma usiku, unyayo utakaoukuta alfajiri ni wa saa chache tu. Unyayo wa puma ni wa mviringo, upana wa sentimita 8 au 9, hauna alama za kucha, na ukingo wa nyuma wa kisigino umegawanyika sehemu tatu. Kisigino cha mguu wa nyuma kikizidi sentimita 5 kwa upana, na hatua ikazidi mita moja, huenda ni dume. Ukiona nyayo ndogo zimechanganyika na kubwa, rudisha mbwa garini. Hata ukiona za mnyama mmoja tu, usifungue mbwa kwanza: fuata nyayo kinyume, kule zilikotoka. Watoto hubaki kwenye mzoga wa kulungu mama anapotoka, na kosa hili la kutorudi nyuma ndilo linaloacha watoto wafe njaa.

Mtini, tafuta doa jeusi la manyoya. Dume ana doa la mviringo, upana wa sentimita mbili na nusu hivi, kiasi cha sentimita 10 hadi 13 chini ya mkundu, na kati ya doa na mkundu kuna korodani. Jike hana doa hapo. Alama yake iko moja kwa moja chini ya mkundu na mkia huifunika. Mkia ukigoma kuinuka, zunguka mti. Jike anayenyonyesha huwa na chuchu zilizozungukwa na ngozi iliyopukutika manyoya. Usipopata uhakika, hujapata mnyama.

Mbwa wafungwe kabla ya risasi, wote, mbali na shina. Puma aliyejeruhiwa akiangukia katikati ya mbwa walio huru hupasua mbwa wawili kabla hujapakia tena, na wewe huwezi kupiga kwa sababu ya mbwa. Ngozi yake ni nyembamba na mifupa yake si mizito, basi bunduki ya risasi za .30-30 au .243 inatosha kabisa. Risasi ya kasi kubwa yenye ncha ya kupasuka hutoka upande wa pili kwa tundu la ngumi, na tundu hilo utalilipia kwa fundi. Unapiga kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo usilenge bega kama ulivyozoea kwa kulungu. Lenga chini zaidi, nyuma ya mguu wa mbele, risasi ipande na kupita mapafu yote mawili. Ikirudi nyuma kidogo inaingia tumboni, na hapo umeharibu nyama na ngozi kwa mpigo mmoja. Kichwa kiache. Fuvu hukaguliwa na maofisa, nao hung'oa jino dogo nyuma ya chonge ili kujua umri.

Sasa uko na mzoga, na hapa ndipo wengi wanakosea kwa kudhani baridi itawafanyia kazi. Manyoya ya puma ni blanketi. Nje kunaweza kuwa nyuzi 10 chini ya sifuri na kiungo cha nyonga bado kina joto la mwili saa tano baadaye. Joto hilo huchachusha nyama karibu na mfupa, na hilohilo hulegeza mizizi ya manyoya tumboni, masikioni na kwenye nyayo. Mtu anayembeba puma mzima garini mpaka mjini ili apige picha anaharibu vyote viwili kwa pamoja. Chuna ndani ya saa moja au mbili, palepale.

Vaa glavu, tena za kuzibana mkononi. Puma anaweza kubeba tauni kutoka kwa panya na viroboto. Mwaka 2007 mtaalamu wa wanyamapori katika Grand Canyon alifariki kwa tauni ya mapafu baada ya kupasua puma aliyekufa.

Kwa ngozi ya zulia, mkato mmoja unyooke kutoka kidevuni, katikati ya kifua na tumbo, hadi ncha ya mkia. Mikato ya miguu ipite upande wa ndani, kuanzia nyayo hadi kukutana na ule wa katikati. Wa mbele upite nyuma ya kiwiko. Ukienda kombo, zulia litatoka na kwapa moja pana kuliko lingine na hakuna fundi atakayelificha. Kila kidole kikatwe kwenye kiungo cha mwisho ili kucha ibaki ngozini. Mkia upasuliwe wote. Watu huchoka wakifika sentimita 10 za mwisho, wakasema itatosha, na miezi miwili baadaye ncha ya mkia inabaki mkononi mwao. Kama jimbo lako linataka sehemu ya kuthibitisha jinsia ibaki imeshikamana na ngozi, kisu kisiipitie kwa bahati mbaya, maana ofisa hataibana ngozi lakiri ya jimbo bila hiyo.

Nyama itolewe sasa hivi, mapaja, mikono, sarara na shingo, kila kipande kwenye mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa. Plastiki hapana. Ikifika nyumbani ikae kwenye nyuzi 1 hadi 4, na ngozi ndiyo ianze kushughulikiwa.

Kwangua mafuta na nyama yote iliyosalia kwenye ngozi. Chumvi ikikuta mafuta haipenyi. Geuza masikio ndani-nje mpaka ncha. Pasua midomo, pua na kope kwa ndani ili chumvi iingie. Kisha pima: kilo moja ya chumvi laini isiyo na madini joto kwa kila kilo ya ngozi mbichi. Isugue kwa kiganja hadi pembezoni, iweke kwenye ubao ulioinama maji yatiririke, iache saa 24. Kung'uta chumvi iliyolowa, tupa, tia mpya kiasi kilekile. Kosa la kawaida ni kuitia chumvi kisha kuitumbukiza kwenye friza: yenye chumvi haigandi sawasawa, inaendelea kuoza polepole. Chagua moja, friza au chumvi.

Anayetaka kuimaliza mwenyewe atumie chombo cha plastiki, gramu 120 za chumvi na gramu 22 za asidi ya sitriki kwa kila lita ya maji. Ngozi ilale humo siku tatu au zaidi ikigeuzwa mara mbili kwa siku, itolewe, inyolewe upande wa nyama hasa shingoni ambako ni nene, irudishwe. Halafu punguza asidi kwa maji yenye gramu 7 za soda ya kuokea kwa lita, dakika 20 tu. Ndipo dawa ya kutengenezea ngozi, mafuta, na kuivuta kwenye ukingo wa ubao ingali na unyevu. Ukiiacha ikauke kwanza utapata karatasi ya bati. Na anayepanga kuituma Mombasa au Muscat ajue puma yumo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini: kibali cha kuitoa Marekani kipatikane kabla ya kifurushi kufungwa.

Jikoni kuna hatari moja ambayo haina mzaha. Nyama ya puma inaweza kuwa na minyoo ya trikinela ndani ya misuli, na aina zinazopatikana kwa wanyama wala nyama wa huko hustahimili friza. Kugandisha mwezi mzima si kinga. Idaho, mwaka 1995, watu 15 walikula nyama kavu ya puma iliyolowekwa kwenye maji ya chumvi na kufukizwa moshi, 10 waliugua. Dalili huanza na kuharisha, kisha homa, kope kuvimba na misuli kuuma, wakati mwingine wiki kadhaa baada ya mlo, na kwa hiyo hakuna anayekumbuka alikula nini. Dawa ni kipimajoto: nyuzi 71 katikati ya kipande kinene kuliko vyote. Nyama ya kukausha ifikishwe 71 kwanza, ndipo iende kwenye kikaushio. Mashine ya kusagia na ubao vioshwe kwa maji ya moto kabla ya kugusa kitu kingine.

Mishikaki ya mkaani ndiyo inayodanganya. Nje imeungua, ndani ni nyuzi 55. Chemsha vipande kwanza kwa tangawizi, kitunguu saumu na ndimu mpaka vipite 71, halafu ndio uvipitishe kwenye moto mkali dakika mbili vipate rangi. Sarara isiyo na mafuta ikatwe nene na ipikwe kwenye mchuzi wa nazi. Soseji zinahitaji kilo moja ya mafuta ya ng'ombe kwa kila kilo nne za nyama na gramu 18 za chumvi kwa kilo, la sivyo zitakuwa kavu kama maganda ya msonobari. Miundi ndiyo tamu kupita vyote na ndiyo hutupwa kwanza: kitunguu, nyanya, bizari, maji yafunike, moto mdogo saa tatu. Chumvi ya kwanza kwenye ngozi inahitaji saa 24, kwa hiyo sufuria itaiva kabla hujaikung'uta.