Kazi Tatu, Mshahara Mmoja

Binti wa jirani yangu hapa Manyatta aliniletea tangazo la kazi nimsaidie kuandika barua ya maombi. Karani wa mapokezi, ofisi moja hapa mjini Kisumu. Apokee simu, ahudumie wageni, ajibu wateja Facebook na WhatsApp, alinganishe malipo ya M-Pesa na risiti, kisha "awe na uwezo wa kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja." Chai hawakuitaja, lakini sote tunajua ni nani atakayeichemsha.

"Anti, hapo kwa uwezo niandike nini?"

Nikamwambia aandike anao. Kazi zenyewe ziko wapi? Lakini nilikasirika, na bado sijapoa.

Hebu mtazameni huyo karani. Ameketi na risiti za siku, amefika kwenye ile ya sh 4,350, anaitafuta kwenye jumbe za M-Pesa. Simu ya mezani inalia. "Hapana, mkurugenzi ametoka, labda baada ya chakula." Kabla hajarudisha macho kwenye karatasi, mgeni anagonga kaunta. Mgeni hajaketi sawasawa, bosi anapaza sauti kutoka ndani: kuna mteja Facebook ameuliza bei na hajajibiwa! Akirudi kwenye risiti, ile ya 4,350 ameshaitia alama au bado? Hajui. Aanze upya, au akisie. Jioni hesabu ina pengo la sh 500, na pengo hilo linatoka mfukoni mwa nani? Si mwa aliyeandika tangazo.

Na hii si habari mpya. Mwanasaikolojia Arthur Jersild alipima jambo hili mwaka 1927, akakuta watu wanaohamahama kati ya kazi mbili huchukua muda mrefu kuliko wanaofanya moja mfululizo. Mwaka 1995 wanasaikolojia wengine, Rogers na Monsell, wakaonyesha kwamba hata ukijua mabadiliko yanakuja, na ukapewa nafasi ya kujiandaa, bado unachelewa. Mtafiti Sophie Leroy naye, mwaka 2009, akaeleza kuwa ukiacha kazi katikati, sehemu ya akili yako inabaki kule ulikotoka. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapima watu wenye mazoea ya kutumia vyombo vingi vya habari kwa pamoja. Ungedhani mazoea yamewanoa. Wapi! Hata kwenye kuhama kazi hadi kazi, ufundi wao wenyewe, walishindwa na wale wasio na mazoea hayo.

Najua mtanitajia mama samaki wa ufukwe wa Dunga. Sawa. Anaparua magamba huku akiwapa umbea wote wa ufukweni, na kisu hakikosei. Mikono yake imeifanya kazi hiyo miaka mingi, haihitaji tena kuulizwa. Lakini mngoje ashike pesa. Noti ya elfu moja ikiingia mkononi umbea unakatika, anahesabu chenji midomo ikicheza, na ukimsemesha hapo hujibiwi. Huyo hafanyi mawili. Anajua lipi linaweza kwenda na domo na lipi haliwezi.

Mama mwenye mtoto mgongoni na sufuria jikoni hana hiari, simhesabu. Mwendesha bodaboda wa Kondele aliyechomeka simu ndani ya helmeti na kuongea hadi stendi, huyo sina maneno naye.

Waajiri nao watasema biashara ni ngumu, hawawezi kuajiri wawili. Nakubali, shingo upande. Basi mpeni huyo mmoja saa yake. Bandikeni karatasi mlangoni: kuanzia saa nane hadi saa tisa hatupokei wageni, tunafunga hesabu. Simu aishike bosi mwenyewe, ana mikono. Wateja watanung'unika siku mbili tatu, kisha watazoea. Benki zetu zilikuwa zikifunga milango saa tisa mchana miaka nenda miaka rudi, na tulijipanga.