Mgeni Aliyekataa Kulala

Saa 8 na dakika 10 usiku shangazi alinipigia simu. Kabla sijamaliza shikamoo akaniuliza: "Hiyo sitini na moja ni ya nini? Sangara wangu wanachemka?"

Shangazi anauza sangara na sato Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Saa 11 jioni nilikuwa nimemfungia kwenye friza yake kisanduku cha kumtumia ujumbe joto likipanda. Ni bodi ya ARM ya biti 64 (kompyuta ndogo ya kipande kimoja) isiyo na feni, modemu ya laini ya simu, na vipima joto viwili vya DS18B20, kimoja ndani ya friza na kingine cha kupima joto la chumba. Bodi nimeiweka ndani ya kopo la plastiki la kubebea chakula. Kile kipima cha chumba nacho nikakikunja humo humo kwenye kopo, waya zisije zikaning'inia mbele ya wateja. Kipima chochote kikivuka kiwango chake, programu inatuma "HATARI JOTO" na nambari. Ni kipima kipi, programu haisemi. Aliyeiandika ni mimi.

Kuna jambo ambalo shangazi sikumwambia. Bodi ile ilikuwa inaendesha Xen, ambayo ni haipavaiza, yaani programu inayogawa mashine moja kwa mifumo endeshi kadhaa, kila mmoja akiitwa mgeni. Linux ya Dom0, yule mkuu wao, ndiyo iliyofanya kazi yote ya maana. Pembeni nilikuwa nimepenyeza mgeni wangu, kerneli ndogo (kiini cha mfumo endeshi) niliyoiandika mwenyewe, yenye prosesa moja. Nilitaka akae saa moja kwenye mashine ya kazi, awe analala kati ya mapigo ya saa, halafu ajiondokee. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa mgeni akitaka kitu kwa haipavaiza, hawezi kuita kama anavyoita fanksheni ya kawaida. Anaweka nambari ya mwito kwenye rejista x16 (rejista ni vijisanduku vya nambari ndani ya prosesa), hoja zake zisizozidi tano kwenye x0 mpaka x4, kisha anatoa hvc, amri ya prosesa ya kuiita haipavaiza, yenye alama 0xEA1. Jibu linarudi kwenye x0. Lakini lugha ya C haijui mambo hayo. Ukiita fanksheni yenye nambari na hoja tano, C inapanga nambari kwenye x0 na hoja kwenye x1 mpaka x5. Kwa hiyo unahitaji kifungashio cha asembli (lugha ya amri za prosesa zenyewe), mistari minane tu, cha kusogeza kila mmoja kiti kimoja mbele. Na x16 lazima uijaze humo humo ndani ya kifungashio. Ukiijaza kabla, linka (programu inayounganisha vipande vya programu) inaruhusiwa kuitumia njiani kwa shughuli zake, na utafika mlangoni na nambari ya mtu mwingine.

Biti 64 niliichagua kwa uvivu. Kwenye biti 32 nambari inakaa r12. Hata ukiipachika nambari ndani ya kifungashio, hoja ya tano C inaiacha kwenye stak (memori ya muda ya fanksheni) wakati Xen inaitaka kwenye r4. Hiyo r4 ni amana ya aliyekuita, kwa hiyo unaihifadhi kwanza kwenye stak, halafu hoja yako unaisoma [sp, #4], maana stak imeshasogea baiti 4. Ukisoma [sp] unapata ile r4 uliyoiweka mwenyewe sasa hivi. Nikasema haya ya nini, biti 64 haina mitego. Nikaandika hivi (mov x4, x5 maana yake nakili x5 uiweke kwenye x4):

mov x16, x0
mov x4, x5
mov x3, x4
mov x2, x3
mov x1, x2
mov x0, x1
hvc #0xEA1
ret

Aliyewahi kupanda daladala ya Igoma saa za jioni ameshaliona kosa. Konda akisema "sogeeni mbele", anaanza kusogea wa mbele kabisa, wa nyuma yake anachukua nafasi yake, hivyo hivyo mpaka mlangoni. Mimi nilianzia nyuma. x5 akamkalia x4 mapajani, x4 hayupo tena. Mstari unaofuata ukamchukua huyo aliyekalia, ukampeleka x3. Mpaka tunafika x0, gari zima limejaa abiria mmoja, yule wa x5. Na kwenye miito yangu yote hoja ya tano ilikuwa haitumiki, nimeijaza 0. Basi kila hoja iliyofika kwa Xen ilikuwa sifuri.

Utauliza kama nilijaribu. Nilijaribu sana tu. Jaribio la kwanza lilikuwa kuuliza toleo la Xen, mwito namba 17. Amri ndogo ya kuuliza toleo ni 0. Jibu likaja sahihi. Jaribio la pili, kuandika kwenye konsoli (maandishi ya Xen yanayosomwa kwa kebo ya siriali), mwito namba 18. Hapo hata Xen nilikuwa nimeikompaili kwa hali ya uchunguzi, kwa sababu ile ya kawaida humnyima mgeni wa kawaida ruhusa ya mwito huo. Amri ya kuandika ni 0. Urefu wa maandishi ukafika 0, anwani ikafika 0. Xen ikaandika herufi sifuri kwa uaminifu mkubwa, ikarudisha 0, yaani imefaulu. Konsoli ilikuwa kimya, lakini kebo ya siriali alikuwa nayo fundi jirani, nami ningejuaje? Jaribio la tatu, kumwachia mwingine zamu ya prosesa, mwito namba 29. Amri ya kuachia zamu nayo ni 0.

Nilikuwa nimeweka sharti kwamba jaribio likifeli mgeni ajizime kwa njia ya PSCI, utaratibu wa ARM wa kuwasha na kuzima, yaani hvc #0 na 0x84000008 kwenye x0, ambayo haipiti kwenye kifungashio changu. Nikaangalia xl list, amri ya kuorodhesha wageni wa Xen, mgeni yupo, na safu ya hali imeandikwa r. Nikafurahi: r, anakimbia, mzima huyo! Mgeni aliyelala huandikwa b. Nilikuwa namtazama mtu asiyelala, nikamsifia afya.

Maana kulala ni amri ya 1 chini ya mwito ule ule 29, na kuondoka ni amri ya 2. Zote zilikuwa zinafika 0. Mgeni anasema "naomba kulala", Xen inasikia "nawaachia zamu", inatazama, hakuna mwingine anayengoja prosesa hiyo, inamrudishia papo hapo. Anaomba tena. Saa moja ilipotimia akaanza kuomba kuondoka, na kwa kuwa nilikuwa nimeandika mzunguko wa kurudia mpaka akubaliwe, akaaga mfululizo bila hata kunyanyuka kitini. Prosesa asilimia 100, ndani ya kopo lenye mfuniko, bila feni. (Kulala kungewezekana kwa wfi tu, amri ya prosesa ya kungoja, Xen huinasa na kumlaza mgeni yenyewe. Ila nilitaka kuvijaribu vifungashio vyangu. Haya.)

Nilipofika Mwaloni kwa bodaboda, binamu zangu wawili walikuwa wameshapakia guta. Sangara kama kilo 80 wamefunikwa turubai, wanapelekwa kwenye barafu ya jirani, na friza imeachwa wazi kama dirisha. Kipima cha ndani kabla hawajaifungua kilikuwa kimeandika -18. Shangazi alikuwa amesimama na tochi mkononi. Akagusa kopo langu, akarudisha kidole haraka.

"Mayu! Kinachoiva ni hiki."

Nikachomeka kompyuta mpakato juu ya kreti. Kwenye xl list, safu ya sekunde za prosesa ya mgeni ilisoma zaidi ya 32,000. Piga hesabu, kutoka saa 11 jioni mpaka saa 8 usiku ni saa tisa, sekunde 32,400. Hakuwa amepepesa jicho. Nikajaribu xl shutdown kwa adabu. Kerneli yangu haijui kusikiliza ombi hilo, sikuwahi kuiandikia. Nikatumia xl destroy, isiyomwuliza mgeni chochote. Ndani ya nusu saa kopo likashuka mpaka 36, na sangara wakarudi na guta lile lile, kwa nauli yangu.

Asubuhi nikatoa ile hvc, mahali pake nikaweka mistari ya kunakili x16 na x0 mpaka x4 kwenye memori, nikaita kwa 99, 101, 102, 103, 104, 105. Nikapata 99, halafu 105 mara tano. Nikaipindua mistari mitano, x0 kwanza, x4 mwisho. Kebo ya siriali ikarudi pia, na konsoli ikatoa maneno niliyoyaandika wiki mbili nyuma: "Shikamoo Xen". Mgeni akaandikwa b, akalala, na saa moja ilipotimia akatoweka kwenye orodha. Nyumbani kwangu, siyo Mwaloni.

Ikabaki tafrani nyingine ndogo. Mara tu baada ya mwito, kifungashio kilicho sawa kiliniachia 0xDEADBEEF kwenye rejista, nami nikaruka. Kumbe ni kawaida: Xen ya uchunguzi huharibu rejista za hoja makusudi, asiyejua azitegemee kisha ajute. Dead beef kwa Kiingereza, nyama ya ng'ombe mfu, kwa mtoto wa wauza samaki.

Kipima cha chumba nikakitoa nje ya kopo, humo nikaacha kingine cha tatu, na ujumbe nikaurekebisha uwe na majina. Ule wa kwanza wa majaribio ulisema: FRIZA -18, KOPO 34, CHUMBA 27.

Shangazi akajibu baada ya dakika mbili: "Kopo la nani tena?"