Mgonjwa wa kudumu alipiwe na nani?

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2017, Seneta John McCain wa chama cha Republican alisimama ndani ya ukumbi wa Seneti mjini Washington, akanyoosha mkono, akaelekeza dole gumba chini. Kura zikawa 49 dhidi ya 51, na muswada wa chama chake wa kung'oa nguzo kadhaa za sheria ya bima ya afya ya Barack Obama ukafia hapo. Wengine walimwita shujaa, wengine msaliti. Mimi kinachonishangaza ni jambo lililotangulia kura ile. Miaka saba ilikuwa imepita tangu sheria isainiwe Machi 2010, Warepublican walikuwa na Ikulu na mabaraza yote mawili ya Bunge, na bado hawakuwa na mbadala waliokubaliana wenyewe kwa wenyewe.

Si kwamba wahafidhina hawana mawazo. Wanayo, na mojawapo lina uzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Marekani ilizuia mishahara isipande. Waajiri waliokuwa wakigombania wafanyakazi wakatafuta njia nyingine ya kuwavutia, wakawalipia bima ya afya. Mamlaka ya kodi ikakubali kutoitoza bima hiyo, na sheria ya kodi ya mwaka 1954 ikaugeuza utaratibu wa dharura kuwa wa kudumu. Matokeo yake Mmarekani akipoteza kazi hupoteza na bima. Ofisa wa benki mwenye mshahara mnono anapata nafuu ya kodi kubwa kuliko ya dereva wa teksi anayejinunulia bima mwenyewe. Ndugu zetu wengi walioko huko wanaendesha magari ya abiria au wanafanya vibarua viwili vitatu visivyo na bima, kwa hiyo jambo hili wanalijua vizuri.

Mwaka 2008 McCain, akigombea urais, alipendekeza bima ya kazini itozwe kodi kama mshahara, kisha kila familia irudishiwe dola 5,000 za kununulia bima popote itakapo. Obama alilishambulia pendekezo hilo kampeni nzima. Baadaye sheria yake mwenyewe ikaweka kodi kwenye bima za kazini za gharama kubwa, kodi iliyofutwa mwaka 2019 kabla haijatozwa hata senti. Hakuna chama kinachothubutu kuigusa nafuu hiyo. Nadhani McCain alikuwa na hoja ya haki, ingawa dola 5,000 zisingetosha familia yenye mgonjwa.

Hoja ya pili ya wahafidhina ni kwamba mtu asiyelipa kutoka mfukoni mwake hajali bei. Ndiyo asili ya akaunti za akiba ya afya zilizoanzishwa na sheria ya 2003 chini ya George W. Bush: unaweka fedha zisizotozwa kodi, unachukua bima ya bei nafuu ambayo haianzi kulipa mpaka wewe mwenyewe uwe umetoa kiasi kikubwa. Jaribio maarufu la taasisi ya utafiti ya RAND, lililoanza miaka ya 1970, liliwapa nguvu. Waliochangia gharama walitumia huduma kidogo kuliko waliotibiwa bure, na kwa wastani afya zao hazikuzorota. Isipokuwa, na hapa wengi huruka ukurasa, shinikizo la damu la maskini lilidhibitiwa vizuri zaidi walipotibiwa bure. Halafu kuna ukweli mwingine: karibu nusu ya gharama zote za matibabu Marekani hutumiwa na asilimia 5 tu ya watu. Hao ni wagonjwa wa figo, wa saratani, watoto waliozaliwa njiti. Huwezi kupatana bei ukiwa umelala kwenye machela.

Kuhusu kuruhusu kampuni ya jimbo moja kuuza bima jimbo jingine, wimbo wa kila uchaguzi, sina mengi. Jimbo la Georgia liliruhusu mwaka 2011. Kampuni hazikuja, kwa kuwa kazi ngumu ni kupata mikataba na hospitali za mahali, na hiyo haipatikani kwa kibali.

Linabaki swali la hao asilimia 5. Mwaka 1989 taasisi ya kihafidhina ya Heritage ilipendekeza kila mtu alazimishwe kuwa na bima, hatua inayowafanya wazima wawabebe wagonjwa. Mitt Romney, Mrepublican, akalitekeleza wazo hilo katika jimbo la Massachusetts mwaka 2006. Obama alipolichukua, wahafidhina wakalikana kama mtoto wa nje.

Wakarudi kwenye mifuko maalumu ya bima ya wagonjwa, iliyoanza katika majimbo machache mwaka 1976 na kufikia majimbo 35. Kwa nadharia ni safi: watoe wagonjwa sugu kwenye soko la kawaida, wazima wapate bima nafuu. Kwa vitendo, mwishoni mwa 2011 mifuko yote kwa pamoja ilikuwa na watu wapatao 226,000 katika nchi ya watu zaidi ya milioni 300. Ada zilikuwa kubwa, mingi ilimsubirisha mgonjwa miezi kadhaa kabla ya kulipia ugonjwa aliokuja nao, mingine ilikuwa na foleni ya kujiunga. Wabunge hawakuweka fedha za kutosha.

Ni Alaska, jimbo linalowapigia kura Warepublican, iliyoonyesha kuwa wazo linaweza kufanya kazi. Kwa mwaka 2017 ilitenga dola milioni 55 kulipia bili za wagonjwa wa gharama kubwa, na ada zilizotarajiwa kupanda kwa zaidi ya asilimia 40 zikapanda kwa takriban asilimia 7. Mwaka uliofuata sehemu kubwa ya mzigo huo ikabebwa na serikali kuu, kwa kifungu kilichomo ndani ya sheria ileile ya 2010.