Chema hakijiuzi kwenye kikundi: usitume linki tupu

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye kikundi cha marafiki mtandaoni imebaki nusu ya pili tu ya methali hiyo. Kibaya kinajitembeza chenyewe, kinafowadiwa kutoka kikundi hadi kikundi. Chema kinakaa pale kama linki ya buluu ambayo hakuna aliyeigusa.

Linki tupu haifunguliwi kwa sababu inamdai msomaji kabla haijampa chochote. Inamdai bando na muda, na inamtaka aamini kwamba hataangukia tangazo la kamari au video itakayopiga kelele akiwa katikati ya watu. Ndiyo maana nasema kazi ya kushea kitu cha ajabu ni kazi ya kuandika. Sentensi mbili tatu zako mwenyewe ndizo zinazofungua mlango.

Chukua mfano wa kengele ya samaki. Katika mji wa Utrecht, Uholanzi, kuna lango la mfereji liitwalo Weerdsluis. Kila majira ya kuchipua samaki hupita hapo kwenda kutafuta maji ya kuzaliana, lakini kipindi hicho boti ni chache na lango halifunguliwi mara nyingi, hivyo wanakwama mbele yake. Tangu 2021 kuna kamera chini ya maji inayorusha picha moja kwa moja kwenye visdeurbel.nl. Mtu yeyote duniani akiona samaki anabonyeza kengele, picha inapigwa, na mlinzi wa lango akiona wamekusanyika wa kutosha anawafungulia.

Sasa tazama namna mbili za kuituma. Ya kwanza: "Hii kali, cheki," kisha linki. Ya pili: "Kamera hii iko chini ya maji, Utrecht. Ukiona samaki bonyeza kengele, mlinzi anaarifiwa afungue lango. Mara nyingi utaona maji ya kijani tu, vumilia dakika tano." Huo wa pili una maneno 25, na umebeba kila anachohitaji rafiki: ni nini, afanye nini, na kwa nini asikate tamaa akikuta maji matupu. Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Mtu akifungua asione kitu ndani ya sekunde kumi, anafunga, na safari ijayo hafungui linki yako kabisa. Na kwa kuwa kengele hii ina msimu wake, ukiituma mwezi Novemba umemnyima rafiki raha yenyewe. Isubirishe hadi Machi.

Kuna vitu ambavyo bila maelezo havipo kabisa. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kuna faneli ya kioo yenye lami ngumu, ile inayovunjika ukiigonga kwa nyundo. Profesa Thomas Parnell aliimimina ikiwa moto mwaka 1927, akaiacha itulie, na mwaka 1930 akakata ncha ya faneli ili ianze kudondoka. Tangu hapo yamedondoka matone tisa. Tone la nane lilianguka mwaka 2000 huku kamera iliyowekwa kulinasa ikiwa imeharibika, na la tisa likaja Aprili 2014. Ukimtumia mtu kamera ya moja kwa moja ya jaribio hilo bila kumwambia haya, umemtumia picha ya kitu cheusi kisichosogea. Ukimwambia "matone tisa tangu 1930", picha hiyo hiyo inamshika.

Kwenye video fupi ambayo utamu wake uko mwishoni, usiseme kinachotokea. Sema urefu na mahali pa kuanzia: "dakika 4, anza dakika ya 1 na nusu." Sema kama inahitaji sauti, na kama kuna damu au kitu cha kutisha sema mapema.

Sentensi ikishakuwa tayari, safisha linki yenyewe. Anwani unayonakili kutoka kwenye programu ya simu mara nyingi ina mkia mrefu unaoanza na alama ya kuuliza: utm_source=, fbclid=, igsh= au si=. Herufi za "utm" zimetokana na Urchin, kampuni ya takwimu za tovuti iliyonunuliwa na Google mwaka 2005. Mikia hiyo haimsaidii msomaji kufika popote. Inamwambia mwenye tovuti mgeni ametokea wapi, na baadhi inaweza kuunganisha aliyeituma na aliyeifungua. Ifute. Lakini usikate ovyo, kwa maana si kila kinachofuata alama ya kuuliza ni takataka. Kwenye anwani ndefu ya YouTube, sehemu ya v= ndiyo video yenyewe; ukiifuta umetuma ukurasa wa mbele. Acha v= na herufi 11 zinazoifuata, ondoa mengine. Kwenye anwani fupi ya youtu.be, video imetangulia alama ya kuuliza, kwa hiyo hapo si= inaondoka bila madhara. Ukitaka video ianzie sekunde ya 95, ongeza t=95, ukiitanguliza na alama ya & kama alama ya kuuliza imeshatumika, au na alama ya kuuliza yenyewe kama bado.

Ukimaliza kukata, ifungue kwenye dirisha la faragha (incognito) la kivinjari. Hatua hii ya sekunde tano inaokoa aibu nyingi. Pale hujaingia kwenye akaunti yoyote, kwa hiyo unaona kile atakachokiona rafiki: kama ukurasa unadai kujisajili, kama makala inataka kulipiwa, kama faili uliloliweka kwenye hifadhi ya mtandaoni limefungwa kwa wengine.

Linki zilizofupishwa mimi nazipinga moja kwa moja. Zinaficha mahali mtu anakopelekwa, na mwenye tahadhari ana haki ya kutozigusa. Tena zinategemea kampuni ya tatu kubaki hai. Hata Google iliacha kupokea linki mpya kwenye goo.gl mwaka 2019.

Kwa makala ndefu ambayo ajabu yake iko kwenye aya ya 30, usimwachie rafiki akachimbe. Kwenye Chrome ya kompyuta, tia kivuli maneno unayoyataka, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, na uchague kunakili linki ya maneno hayo. Utapata anwani yenye #:~:text= mwishoni, na akiifungua ukurasa utashuka wenyewe hadi hapo na maneno yatakuwa yamepakwa rangi. Chagua maneno machache, matano hadi manane, yasiyojirudia kwenye ukurasa. Mwenye tovuti akibadilisha hata neno moja kati ya hayo, ukurasa utafunguka juu kama kawaida, kwa hiyo hakuna kinachoharibika.

Picha za ajabu zinataka uangalifu zaidi. Ile ya papa anayeogelea barabarani kwenye mafuriko imerudi tena na tena: ilihusishwa na Puerto Rico baada ya kimbunga Irene mwaka 2011, kisha na Houston wakati wa Harvey mwaka 2017. Papa mwenyewe amekatwa kutoka kwenye picha ya kweli ya Thomas Peschak, iliyopigwa baharini Afrika Kusini mwaka 2003, inayomwonyesha papa mweupe akimfuata mtu ndani ya kayaki. Na picha hiyo ya kweli inasisimua kuliko ya uongo! Hili hutokea mara nyingi kwa anayetafuta chanzo: anaondoka na kitu bora kuliko alichokuja nacho.

Kutafuta huko hakuchukui hata dakika mbili. Ipeleke picha kwenye TinEye, tovuti inayotafuta mahali picha ilipowahi kuonekana mtandaoni, na upange matokeo kuanzia ya zamani zaidi, kisha ijaribu kwenye Google Lens. Tarehe ya TinEye ni siku mashine yao ilipoiona picha, haina maana kwamba ndiyo siku ilipochapishwa. Usipopata kitu, kata fremu, maandishi na nembo zilizobandikwa pembeni, uigeuze kushoto kulia kama kwenye kioo, ujaribu tena, maana wanaoiba picha huigeuza ili isinaswe. Chanzo kikipatikana, tuma linki yake na utaje jina la aliyeipiga. Skrinshoti inamnyima yule mtu wageni wake na inamnyima rafiki njia ya kuona kazi zake nyingine. Kwa ramani au mchoro wenye maandishi madogo ambao hauna ukurasa wake, utume kama faili, usiutume kama picha, la sivyo WhatsApp itaubana mpaka herufi zisisomeke. Na ukiona ujumbe una ile mishale miwili ya kuonyesha umefowadiwa mara nyingi, usiuendeleze. Tangu Aprili 2020 WhatsApp yenyewe inauruhusu kwenda kwenye gumzo moja tu kwa wakati. Tafuta chanzo chake, utume hicho.

Kurasa nazo zinakufa. Kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Kitu ulichokipenda kiweke akiba siku hiyo hiyo: nenda web.archive.org/save, bandika anwani, subiri ikupe nakala yenye tarehe. Maandishi na picha huhifadhika vizuri, video na michezo ya kubonyeza mara nyingi hapana. Kikundini tuma anwani hai, nakala ibaki kwako mpaka siku ile ya asili itakapozimika.

Kuhusu wingi, sina huruma: kitu kimoja kwa siku kinatosha, na linki kumi kwa mpigo zinauana zenyewe. Kama una kumi, zipe siku kumi. Au umpe mmoja mmoja anayehusika, kwa sababu ramani ya reli za kale iliyotumwa kwa mpenzi wa treni, na jina lake likitajwa, itafunguliwa kuliko ikimwagwa mbele ya watu 200.

Desturi hii ni ya zamani. Jorn Barger alipoanza kutumia neno "weblog" mwezi Desemba 1997, alichokuwa akikifanya kwenye tovuti yake, Robot Wisdom, ni hiki hiki: linki, na maneno machache pembeni yake. Wanablogu wa wakati ule pia walitaja waliyekipata kitu kwake. Tuirudishe tabia hiyo. Kama umekitoa kwenye kikundi kingine, andika "nimekitoa kwa fulani", naye akiridhia jina litajwe.

Na wewe unayepokea una sehemu yako. Kidole gumba kilichoinuliwa hakimwambii mtumaji kama ulifungua. Mwambie ulisubiri dakika ngapi, na samaki alitokea upande gani.