Kwenye CTC Aulizwe Kwanza Kama Anataka Mtoto

Wifi yangu, anayeishi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi, alificha mimba hadi ilipotimiza miezi sita. Hakumficha mume wake, ambaye ni kaka yangu, wala hakunificha mimi. Aliwaficha wahudumu wa kituo anakochukulia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (ARV). Kila tarehe yake ilipofika alijifunga kanga mbili, akakaa mwisho wa benchi, akasubiri kuitwa, akapokea makopo yake na kuondoka. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amemweleza mhudumu mmoja kwamba yeye na mwenzake wangependa kupata mtoto wa pili, akajibiwa kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia, "Na hali yako hiyo, mtoto wa nini tena, mama?" Jioni ile aliniambia, "Wifi, pale mimi nafuata dawa tu. Mengine nitabaki nayo mwenyewe."

Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inadai usiri kuhusu hali ya mtu, kwa hiyo sauti ile pekee ilikuwa kosa. Hata hivyo, nikiyatafakari maneno yenyewe, naona tatizo kubwa zaidi ni mazoea ya kuuchukulia uzazi wa mpango kuwa ni kizuizi pale mhusika anapokuwa mwanamke anayeishi na VVU. Kwa wanawake wengine tunasema "panga", kwake tunamaanisha "acha". Maoni yangu ni kwamba kila mwanamke anayefika CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu kwa wanaoishi na VVU, aulizwe kwanza, faraghani na bila kuhukumiwa, kama anataka mtoto na kama anataka ni lini, na ushauri wote ufuate jibu lake.

Jibu alilopewa wifi halina msingi wa kitabibu. Bila dawa wala kinga yoyote, kati ya watoto 15 na 45 katika kila 100 wanaozaliwa na mama mwenye VVU huambukizwa wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonya. Mama akitumia dawa vizuri, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Tanzania ilianza mwaka 2013 kumpa dawa za maisha kila mjamzito anayegundulika kuwa na virusi, na mwaka 2016 utaratibu huo ukapanuliwa kwa kila anayekutwa navyo. Kaka yangu hana maambukizi, na hilo nalo halikuwa sababu ya kuwakatisha tamaa. Utafiti wa PARTNER, uliofuatilia wenza wenye majibu tofauti barani Ulaya na kutoa matokeo yake mwaka 2016 na 2019, haukupata hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenza ambaye virusi vyake vimefubaa, yaani vimepungua mno kwenye damu kwa sababu ya dawa, ingawa wenza hao walikuwa wakikutana bila kondomu.

Mhudumu yule alikuwa na mengi ya kumwambia wifi. Angeweza kufungua faili na kuangalia kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi, na kama havijafubaa amweleze kwa nini ni busara kusubiri kidogo huku akiendelea na dawa pamoja na njia ya muda ya kuzuia mimba. Angeweza kumwita kaka na kumweleza kuhusu dawa kinga, za kumzuia yeye asiambukizwe, kwa kipindi ambacho wanatafuta mtoto. Angeweza kumuuliza wa kwanza ana umri gani, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, na ushauri huo ni wa mama yeyote, mwenye virusi na asiye navyo. Badala yake wifi alipita zaidi ya nusu ya ujauzito bila vidonge vya kuongeza damu na bila kipimo cha kaswende, vitu ambavyo hupewa kila mjamzito anayewahi kliniki. Dawa zake hakuwahi kuziacha, na mtoto alipopimwa kwa mara ya mwisho akiwa na miezi 18 alikutwa hana maambukizi. Ninamshukuru Mungu kwa hilo, lakini sitaki kuiita hali ile mafanikio ya huduma.

Upande wa pili wako wanawake ambao hawataki kuzaa tena, au hawataki kwa sasa, na hao wengi wao hupewa boksi la kondomu na mazungumzo yakaishia hapo. Kondomu ina kazi ambayo njia nyingine yoyote haiwezi kuifanya, yaani kuzuia maambukizi na mimba kwa pamoja, na sipendi ibezwe. Lakini kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani, wanawake wapatao 13 kati ya 100 wanaotegemea kondomu pekee hupata mimba ndani ya mwaka mmoja, wakati kwa vijiti au kitanzi hafiki hata mmoja. Mwanamke anayeishi na VVU anaweza kutumia vidonge, sindano, vijiti, kitanzi au kufunga kizazi. Maneno ya mtaani kwamba kitanzi hakimfai hayana ukweli. Tahadhari ni kwa aliye na ugonjwa uliokwisha kupamba, ambaye inafaa atulizwe kwanza kwa dawa ndipo awekewe.

Hapa kuna jambo ambalo nilijifunza kwa jirani yangu wa hapa Dodoma mjini, mama anayeuza mboga. Miaka kadhaa iliyopita alishika mimba akiwa na vijiti mkononi. Alinikunjia mkono wa gauni nikavigusa mwenyewe, viwili, vimelala chini ya ngozi kama njiti za kiberiti, huku tumbo lake likiwa limeanza kuonekana. Alikowekewa vijiti hivyo aliambiwa kwamba pengine hakufuata masharti, ilhali kijiti kikishawekwa hakina sharti la kukumbuka kila siku. Mume wake alisikia maneno hayo na kwa muda mrefu hakuyasahau.

Jirani huyo anaishi na VVU, na wakati ule kidonge cha ARV alichotumia, kama wengi wa rika lake, kilikuwa na efavirenzi. Dawa hiyo hulifanya ini livunje homoni za kijiti upesi kuliko kawaida, hadi kiasi kinachobaki kwenye damu kishindwe kuzuia mimba. Katika utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2016, wanawake 3 kati ya 20 waliokuwa wakitumia efavirenzi pamoja na vijiti vya aina hiyo walipata mimba kabla mwaka haujaisha. Jirani yangu hakusema uongo wala hakukosea kitu. Alikuwa na huduma mbili zisizojuana: chumba cha uzazi wa mpango hakikujua anatumia dawa gani, kwa sababu hakuwa tayari kulitaja hilo mbele ya mtu asiyemfahamu, na CTC, iliyokuwa na faili lake lote, haikuwahi kumuuliza kama ana njia yoyote.

Siku hizi wengi wamehamishiwa kidonge chenye dolutegraviri, ambacho hakidhoofishi vijiti. Lakini anayeanza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini anarudi kwenye tatizo lilelile, kwa vijiti na kwa vidonge vya majira, na inambidi ashauriwe kuhusu sindano au kitanzi. Ndiyo maana ninashikilia kwamba chumba kinachotoa ARV ndicho kitoe na uzazi wa mpango, na mtu yuleyule mwenye faili mkononi ndiye aulize.

Dolutegraviri yenyewe ina historia inayopaswa kukumbukwa. Mei 2018 watafiti wa Botswana walitoa tahadhari baada ya kuona watoto 4 kati ya 426, waliotungwa mama zao wakitumia dawa hiyo, wamezaliwa na kasoro ya uti wa mgongo au ubongo. Kwa hofu hiyo, katika baadhi ya nchi wanawake wa umri wa kuzaa walinyimwa dawa iliyo bora au wakatakiwa kwanza wawe na njia ya kuzuia mimba. Julai mwaka huohuo wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali wakadai waelezwe ukweli wote kisha waachiwe wachague. Takwimu zilipoongezeka, tofauti kati ya watoto wa mama hao na watoto wengine ikapungua mno, na Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa watu wote, wakiwemo wanawake wanaotarajia kuzaa.

Liko pia suala la tarehe, ambalo kwa mtu wa mjini huenda likaonekana dogo. Aliyetulia kwenye dawa hupewa za miezi mingi kwa pamoja, hata sita, na huo ni utaratibu mzuri unaompunguzia nauli. Sindano ya uzazi wa mpango, kwa upande wake, ni kila miezi mitatu. Tarehe hizo zisipolinganishwa, mwanamke wa kijijini Bahi hulipa bodaboda leo kwa ajili ya dawa na wiki ijayo kwa ajili ya sindano, na ikiwa ni Januari, mpunga na uwele vinamsubiri shambani, inayoachwa ni sindano.

Wifi sasa amehamia kituo kingine. Safari ya kwanza nilimsindikiza, na nesi, binti mdogo tu, alifunga mlango kabla ya kufungua faili, kisha akauliza, "Mama, mnafikiria kupata mwingine, au mmepumzika kwanza?" Wifi alinitazama, akajibu kwamba wanataka huyu mdogo aanze shule kwanza. Alielezwa njia zote, akachagua sindano. Nesi akachukua kadi zake mbili, akaziweka pamoja mezani, akahesabu wiki kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, akaisogeza tarehe ya dawa ili iangukie siku ileile ya sindano.